Kipimo cha moyo wa mtoto wa Dodoma kimetoka wapi?

Mtoto akipimwa eko katika Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, hupakwa jeli kifuani, na mawimbi ya sauti, yasiyo na mionzi wala maumivu, humwonesha daktari moyo unavyojaa na kujikamua. Kisha huja namba: sehemu gani ya damu imesukumwa nje, na, kwa mashine za kisasa, misuli imejifupisha kwa asilimia ngapi kila pigo. Namba hiyo peke yake ni bubu. Husema kitu pale tu inapowekwa kando ya namba za watoto wasioumwa wenye umbo kama lake, na watoto hao, kwa sehemu kubwa, walipimwa Amerika Kaskazini na Ulaya. Naona wakati umefika wa kuwapima wetu.

Haja hiyo inaonekana zaidi kwenye misuli. Kiasi cha damu inayosukumwa huchelewa kushuka. Moyo unaweza kuwa umekwisha kuumia, kwa mfano kwa dawa ya saratani iitwayo doksorubisini, na bado namba ikasomeka nzuri. Kujifupisha kwa misuli hutoa taarifa mapema. Kwa mtoto mwenye afya ni karibu asilimia 20, lakini majibu hutofautiana kidogo kutoka mashine ya kampuni moja hadi nyingine. Mtoto akipata 17, je, ni mgonjwa, au ndivyo mashine ile inavyosoma? Daktari asiye na vipimo vya watoto wazima wa afya kwenye mashine yake mwenyewe hubaki kukisia. Na Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, watoto ambao mioyo yao haifai kukisiwa.

Kuna pingamizi zito. Mwaka 2017 watafiti wa Amerika Kaskazini walichapisha vipimo vya watoto 3,215 wenye afya na kuona kwamba asili ya mtoto haibadilishi matokeo kwa kiasi cha kumsumbua daktari. Nakubali; sitetei moyo wa Kiafrika. Ninachotazama ni chakula na damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka mitano, na ule wa 2022 ukakuta udumavu kwa asilimia 30. Damu ikipungua, moyo hukimbia na hata kutanuka; mwili ukidumaa, hesabu inayogawanya ukubwa wa moyo kwa eneo la mwili huyumba. Hapa pana mtego: tukimpima kila mtoto anayecheza uwanjani na kumwita mzima, tutaugeuza ugonjwa wetu kuwa kawaida yetu. Kwa hiyo damu ipimwe kwanza, urefu na uzito pia, na selimundu; wenye upungufu waandikwe kando na watibiwe.

Wengine watasema mashine ni chache, zibaki kwa wagonjwa. Huko Gulu, Uganda, watoto 102,200 walipimwa eko, na 818 wenye dalili za awali za ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, waliogawanywa makundi mawili, wakafuatiliwa. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umesonga kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini kila mwezi, dhidi ya 8.2 ya wasiochomwa. Walichokitafuta watafiti kilikuwa kwenye vali, si kwenye misuli, lakini walikipata kwa watoto walioonekana hawana tatizo. Dodoma haihitaji laki moja. Mamia machache kutoka shule za mjini, Bahi na Chamwino wanatosha kuanzia. Sharti langu ni moja, na lisipotimia kazi isianze: mtoto atakayekutwa na tatizo awe na miadi ya kliniki ya moyo kabla mashine haijahamia shule nyingine, na mzazi wake asidaiwe nauli wala dawa.