Madoido yabaki kwenye majina

Kadi nyingi za harusi sasa zinaandikwa juu hadi chini kwa fonti za mwandiko, zile ambazo herufi zake zimeinama, zimeshikana, na mikia imejikunja. Ni fonti nzuri mno, na harusi inastahili uzuri. Lakini zibaki kwenye majina ya maharusi. Tarehe, saa, ukumbi na namba za simu ziandikwe kwa herufi za kawaida, kwa sababu hayo ndiyo mgeni anayoyatafuta. Kiswahili chenyewe kinadai hivyo. Tazama neno “muumini” kwa fonti ya namna hiyo: m ina vijiti vitatu, u viwili, n viwili, i kimoja. Ukihesabu vyote ni 14, vimo sawa, vimelalia upande mmoja kama ua wa miti, na jicho halina pa kushika ila nukta mbili za i. Nasi maana tunaibebesha herufi hizo hizo. “Unaalikwa” na “mnaalikwa” zinatofautiana kwa herufi moja ya mwanzo, na herufi hiyo ndiyo inayomwambia mtu aje peke yake au aje na mwenzake. Baya zaidi ni jina zima kwa herufi kubwa: kila moja imechorwa kufungua neno, ikifuatwa na ndogo, kwa hiyo zikipangwa pamoja mikia inakanyagana na jina la bibi harusi halisomeki.

Mtu anaweza kuuliza: je, mwandiko huu haukuwa wa kazi? Ulikuwa. Snell Roundhand, fonti iliyochorwa na Matthew Carter miaka ya 1960, inafuata mkono wa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa London ambaye pia alikuwa mhasibu, na mwaka 1721 alikagua vitabu vya wafanyabiashara baada ya kashfa ya kampuni ya South Sea. Ila wasomaji wa leja zile walishinda na mwandiko wa mkono kutwa nzima. Sisi tunashinda na herufi za chapa, na jicho husoma upesi lilichokizoea. Snell mwenyewe aliandika kanuni za vipimo vya herufi, maana kwake urembo ulikuwa na mipaka.

Wengine watasema kadi ni ya kumbukumbu tu, maelezo yanakuja kwa WhatsApp. Lakini kadi yenyewe ndiyo inayotumwa huko, kama picha, na picha ikipungua ubora, mistari myembamba kama unywele ndiyo hufifia kwanza. Bibi aliyealikwa anabaki kuivuta kwa vidole viwili, akibahatisha kama ni saa 1 au saa 7. Kuchanganya fonti mbili hakumwongezei mchapaji gharama yoyote, na majina mawili yakiachiwa nafasi katikati ya kadi, mikia yao inapata pa kujinyoosha.