Stovu ya mama isifichwe stoo

Baridi imeingia, na kila Alhamisi jioni hapa Maskati utaona magari yamefungwa mahema na mikeka juu, familia zinaelekea mchangani Wahiba au milimani Jabal Akhdar. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinijia na simu mkononi, akanionyesha jiko dogo la gesi la kupigia kambi. "Babu, hili zuri? Tuagize?" Nikamwambia ngoja kwanza. Nikaingia stoo, nikatoa boksi ambalo halijafunguliwa tangu tulipouza nyumba ya Mombasa, nikamwekea mezani stovu ya marehemu mama yangu.

Aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa mfupa. Miguu mitatu ya chuma imeliwa na kutu, tangi la shaba limegeuka kijani, pampu imekwama. "Hii si ya kutupa?" aliuliza. Namshukuru kwa swali lake, maana ndilo lililonifanya niandike leo.

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa stovu ni nini. Kwa vijana, ni jiko la mafuta ya taa la kupampu, ambalo wengi waliliita Primus hata kama lilitengenezwa na kampuni nyingine. Lilibuniwa Sweden mwaka 1892 na Frans Wilhelm Lindqvist, na ajabu yake ni kuwa halina utambi wala halitoi masizi likiwaka sawasawa. Amundsen alikwenda nalo ncha ya kusini ya dunia mwaka 1911, na waliofika kilele cha Everest mwaka 1953 walikuwa nalo pia. Wazungu waliobeba mizigo mgongoni walilipenda kwa sababu ni dogo na moto wake ni mkali. Mama zetu walilipenda kwa sababu hiyo hiyo, ila wao hawakuwa wakipanda milima.

Sisi tulitoka Pemba mwaka 1964, mimi nikiwa na miaka mitano. Baba alitufuata baadaye, lakini duka lake halikumfuata. Mombasa tulipewa chumba kimoja na jamaa wa mama, na katika vitu vichache tulivyovuka navyo ilikuwemo stovu hii. Mama aliiwasha saa kumi za usiku, akachoma mahamri na kupika mbaazi za nazi. Kulipokucha sinia zilikuwa tayari kuzungushwa kwa majirani. Hayo ndiyo yaliyotulisha, na ndiyo yaliyonilipia karo ya sekondari ya misheni. Huko, mtoto wa Kiarabu kati ya watoto wa kila kabila, nilifundishwa fizikia na bruda mmoja mzee ambaye siku moja alileta stovu darasani, akaifungua vipande vipande juu ya meza. Nilijua kila kipande kabla hajakitaja. Ndipo nilipoamua kuwa mwalimu.

Basi nikatangaza kwenye kundi la familia la WhatsApp kuwa nitaifufua stovu ya mama, tukapikie chai jangwani. Wengi walituma mioyo na dua. Dadangu mkubwa, aliyeko Dubai, hakuandika kitu. Usiku akanipigia. "Ndugu yangu, iache ilipo. Unataka wakwe wajue mama alikuwa muuza mahamri?"

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze, sisi familia za huku Ghuba. Ingieni majilisi zetu mtazame. Utakuta kasha la Zanzibar lenye misumari ya shaba, utakuta mabirika ya kahawa, majambia ukutani, picha ya babu na kilemba chake. Vyote vizuri, na mimi ninavyo. Lakini mtoto anayekulia katikati ya vitu hivyo anaamini kuwa wazee wake wote walikuwa na mashamba ya karafuu na watumishi, kisha kwa muujiza wakajikuta Maskati, Dubai au London. Ile miaka ya katikati, miaka ya chumba kimoja na sinia la mahamri, imefungwa kwenye boksi stoo. Tumeonyesha ya juu, tumeficha yaliyotuvusha.

Nasema hivi si kwa kumlaumu dadangu. Mimi nilikuwa nikila mahamri yale na kwenda shule. Yeye ndiye aliyebeba sinia mlango kwa mlango akiwa na miaka kumi na miwili, na ndiye aliyeacha masomo ili mama apate mkono wa pili. Stovu iliyonisomesha mimi ndiyo iliyomtoa yeye darasani. Kwa hiyo kwangu ni kumbukumbu tamu, kwake ni mgongo uliouma na watu waliomcheka. Mwenye haki ya kusema itupwe, kama yupo, ni yeye. Sikumjibu kwa ukali. Nilimwambia tu, "Dada, niache niitengeneze, kisha utaamua wewe itakaa wapi."

Kazi yenyewe ilituchukua wiki tatu, mimi na mjukuu wangu, na naieleza kwa sababu huenda mna ya kwenu. Shaba haioti kutu. Ule ukijani tuliusugua kwa ukwaju kwa dakika chache, tukasuuza, tukarudia, kama bibi zetu walivyosafisha masinia. Miguu na sahani ya juu ni chuma, hiyo tuliilaza ndani ya siki usiku kucha, tukaipiga brashi ya waya, tukaiosha, tukaikausha juani na kuipaka mafuta ya mashine. Ngozi ya pampu ilikuwa imekauka kama ganda la mkate. Tulikata nyingine kwenye ukanda wa makubadhi yangu ya zamani, tukailowesha, tukaitia umbo la kikombe, tukaishibisha mafuta. Kijitundu cha kutolea mvuke, ambacho ni chembamba kuliko tundu la sindano ya kushonea, tulikizibua kwa waya mwembamba taratibu, kwani ukikipanua umeharibu moto wote.

Vali iliyo mwisho wa pampu ilitushinda. Tukaenda Ruwi kwa fundi mmoja kutoka Kerala. Hakungoja nimalize maneno yangu. "Mama yangu alikuwa nayo," alisema, na akaanza kufungua.

Jambo la mwisho ni lile ambalo sikumruhusu kijana alikimbie. Tulilizamisha tangi tupu ndani ya beseni la maji, tukapampu, tukatazama mapovu. Povu likitoka kwenye kifuniko, badilisha washa, na sisi tulibadilisha. Likitoka kwenye maungio ya tangi, basi usiiwashe kamwe, iweke kabatini kwa kutazamwa. Na iwe nzima vipi, isitiwe petroli, na isiwashwe ndani ya hema lililofungwa wala ndani ya gari. Hewa ya sumu haina harufu, na watu huzimika usingizini. Binti yangu aliniambia gesi ni salama zaidi na ni rahisi. Ni kweli, sibishani naye. Ya kupikia kila siku nunueni ya gesi.

Wapo watakaosema wiki tatu kwa ajili ya birika moja la chai ni mchezo wa mstaafu asiye na kazi. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, nami nawajibu hivi. Watoto wetu ni hodari wa mambo mengi nisiyoyajua, lakini wengi hawajawahi kukifungua kitu kilichoharibika wakakifunga kikafanya kazi. Kitu kikikwama, simu inaagiza kingine. Mjukuu wangu amesoma presha ya hewa shuleni na akapata alama nzuri, ila siku aliposikia pampu ile inakaza mkononi mwake, alinitazama akasema, "Kumbe ndiyo hii!" Mwalimu hulipwa kwa neno kama hilo.

Tukaenda Wahiba. Jua likazama, watoto wakakusanyika, nikatia spiriti kwenye kikombe chini ya kichwa cha stovu, nikaiwasha, nikapampu kwa madaha. Ikapanda ndimi ya manjano hadi usoni, moshi, harufu ya mafuta, watoto wakakimbia huku wakicheka. Nikazima. Nikajaribu tena, yakawa yale yale. Mwalimu wa fizikia ninayejua kueleza kuwa mafuta lazima yageuke mvuke ndipo yatoe moto wa bluu, nimeshindwa kuwasha jiko la mama yangu. Na sababu ni moja: kwetu mimi sikuwahi kuliwasha. Nililikuta likiwaka.

Mjukuu ndiye aliyempigia bibi yake wa Dubai, kwa video. Dadangu akatazama kimya, kisha akasema, "Mwambie babu yako ana haraka. Aache kwanza screw ya hewa wazi. Spiriti ikikaribia kuisha ndipo aifunge, apampu mara tatu nne tu, asubiri. Ikianza kunguruma aongeze."

Tukafanya hivyo. Ikashika. Moto wa bluu, na ule mngurumo wake ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka arubaini. Dadangu akasema, "Mkubwa huo, punguza. Toa hewa kidogo." Halafu hakukata simu. Watoto walimuuliza maswali na yeye akajibu: saa ngapi mlikuwa mnaamka, mahamri mangapi kwa siku, nani alikuwa mteja mbaya. Mimi nilikuwa nikimimina chai na kusikia mambo ambayo mama hakuwahi kuniambia. Wajukuu wale walijua kuwa bibi yao anapenda dhahabu na anapika biriani. Hawakujua kuwa akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa anasimamia biashara.

Hakubadilika kwa usiku mmoja, wala sidai hivyo. Stovu imekaa kwangu, jikoni, na majilisi hajairuhusu. Amri yake nimeiheshimu. Lakini wiki jana alimpigia kijana, si mimi, akamwambia ngozi ya pampu itiwe mafuta kila mwezi, isikauke.

Ndugu zangu, ombi langu ni dogo. Kabla hamjahama nyumba, kabla hamjawaachia watu wa mizigo wachague cha kutupa, fungueni yale maboksi. Mtakuta stovu, au cherehani ya mkono, au mbuzi ya kukunia nazi, au mizani ya duka lililokwisha. Msikipeleke moja kwa moja kwenye taka, wala msikipige rangi mkakifanya pambo. Kitengenezeni pamoja na mtoto. Na kabla ya kukitengeneza, mtafuteni yule aliyekitumia kweli, kwani mara nyingi si yule anayekisimulia. Kama yungali hai, mpigieni simu leo. Kuna namna ya kuwasha ambayo anaijua yeye tu.