Subira ya mzazi si kunyamaza: titi linapouma siku za mwanzo



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu tumboni mwa mama yake na akamuandalia riziki yake kabla hajatoka duniani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye naye alipata kunyonyeshwa na Bi Halima wa kabila la Bani Saad. Ama baada ya hayo.

Siku chache zilizopita nilikwenda kumtazama mzazi mmoja hapa kwetu Wete. Ni mtoto wake wa kwanza, na siku hiyo ilikuwa ya tano tangu kujifungua. Nje karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi. Ndani kulikuwa na harufu ya udi, na uji wa pilipili manga ulikuwa ukipoa pembeni bila ya kuguswa. Mtoto alipoanza kulia niliona mama yake akikunja uso kabla hata hajamchukua. Alipompa titi, aliushika upindo wa kanga akauuma kwa meno, na machozi yakamtoka kimya kimya.

Mavyaa yake alikuwa amekaa mkekani, karibu naye kopo la maziwa ya unga lililonunuliwa asubuhi ile. Mume alisimama mlangoni hajui aingie au atoke. Nilipomuuliza yule binti kama amemwambia mtu kwamba anaumia kiasi hicho, alinijibu, "Naona haya, bibi. Wenzangu wote wananyonyesha. Nimeambiwa nisubiri, nitazoea."

Neno hilo lilinirudisha nyuma miaka mingi, kwani nami niliambiwa hivyo hivyo nilipozaa mwanangu wa kwanza. Nikasubiri mpaka titi likafanya jipu. Kwa hiyo leo, kwa idhini ya binti huyo na bila ya kumtaja jina, nimeona tuzungumze jambo hili waziwazi, kina mama, kina baba na wazee wa nyumba.

*Dini imesema nini juu ya tabu hii*

Sote tunajua kwamba aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuikamilisha. Aya hiyo tunaisoma sana kwa ajili ya miaka miwili, lakini tunaharakisha kuyapita yanayofuata. Humo humo baba amepewa jukumu la chakula na mavazi ya mama kwa wema, na humo humo imekatazwa mama asitiwe dhara kwa sababu ya mwanawe. Katika Suratul Ahqaf, aya ya 15, Mola amekiri kwamba mama hubeba mimba kwa tabu na huzaa kwa tabu. Basi ikiwa Muumba mwenyewe ameitaja tabu ya mama, sisi ni nani hata tumwambie mzazi kwamba maumivu yake si kitu?

Subira ni ibada kubwa. Lakini Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha umma wake kutafuta matibabu, na hakuifanya subira kuwa sababu ya kuacha dawa. Mwenye mwiba mguuni haambiwi asubiri mpaka auzoee. Huutoa kwanza.

*Maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida*

Mzazi mpya anaweza kuhisi chuchu nyepesi, na maumivu kidogo mtoto anapoanza kuvuta, katika siku chache za mwanzo. Hayo hupungua mtoto anapoendelea kunyonya, na siku baada ya siku huondoka. Lakini maumivu yanayodumu tangu mtoto anaposhika mpaka anapoachia, chuchu inayochubuka, inayopasuka au kutoa damu, hayo si ada ya uzazi. Mara nyingi ni alama kwamba mtoto hakushika titi vizuri.

Ndivyo ilivyokuwa kwa yule binti. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya chuchu peke yake, akiitafuna kwa fizi. Alipoachia, chuchu ilikuwa imebanwa bapa, upande mmoja umechongoka. Maziwa hayatoki vizuri hivyo. Mtoto hubaki na njaa na hulia tena baada ya muda mfupi, mama huumizwa mara nyingine, na watu wa nyumbani husema maziwa hayamtoshi. Kopo likifunguliwa, mtoto hunyonya kidogo zaidi, na kwa kuwa maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyotoka, hupungua kweli.

*Namna ya kumshikisha mtoto titi*

Mzazi akae mahali pa kuegemea, mgongo umepumzika. Asiinamie mtoto, amlete mtoto kwenye titi. Kichwa na mwili wa mtoto viwe vimenyooka, tumbo lake liguse tumbo la mama, na mwili wote ushikwe, si shingo tu. Pua yake ielekee chuchu.

Amguse mdomo wa juu kwa chuchu, kisha angoje. Hapa ndipo wengi tunapokosea kwa haraka. Angoje mpaka mtoto afungue kinywa kwa upana, kama anayepiga miayo, ndipo amsogeze kwa wepesi, kidevu kitangulie kugusa titi. Kinywa kisiishie kwenye chuchu, bali kichukue na sehemu nyeusi inayoizunguka, hasa ya chini.

Akishika vizuri, mdomo wake wa chini huwa umepinduka nje, mashavu yamejaa hayakubonyea, na weusi unaoonekana juu ya mdomo ni mwingi kuliko wa chini. Ataanza kuvuta haraka haraka, kisha pole pole kwa kina, akipumzika na kumeza. Yakibaki maumivu, mzazi asivumilie mpaka mwisho. Aingize kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa kinywa cha mtoto ili kuachisha mvuto, amtoe, aanze upya. Hata ikiwa mara tano, hiyo ndiyo subira yenye faida.

Tulijaribu pamoja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne binti aliuachia upindo wa kanga. Akanitazama kwa mshangao akasema, "Bado panawasha, lakini hakuna kile kisu."

*Chuchu iliyokwisha kuchubuka*

Aanze na titi lenye nafuu, kwani mtoto mwenye njaa kali huvuta kwa nguvu zaidi. Baada ya kunyonyesha akamue matone machache ya maziwa yake mwenyewe, ayapake kwenye chuchu na kuiacha ikauke kwa hewa. Asioshe chuchu kwa sabuni kila mara, maana sabuni huikausha ngozi na kuipasua, wala asipake dawa yoyote ambayo hakuambiwa na mtaalamu. Maumivu yakimshinda kabisa, akamue kwa mkono uliooshwa na mtoto apewe kwa kikombe kidogo kisafi, kisha arudi titini mapema.

Siku ya pili hadi ya tano maziwa huingia kwa wingi, na titi huweza kuwa gumu na la moto hata mtoto ashindwe kulishika. Kitambaa cha maji ya vuguvugu kabla ya kunyonyesha husaidia. Kisha akamue kidogo tu ili sehemu nyeusi ilainike, ndipo amshikishe mtoto. Akimaliza, kitambaa cha maji baridi hupunguza uvimbe. Wanaomkanda mzazi, mikono yao iwe laini kwenye matiti. Kuyakamua kwa nguvu kwa maji ya moto sana huyaongezea uvimbe na huunguza ngozi.

Supu ya pweza na uji ni chakula chema cha mzazi, na mzazi anahitaji kula. Lakini pweza hawezi kurekebisha namna mtoto alivyoshika titi.

*Je, maziwa yanamtosha?*

Maziwa ya mwanzo, dang'a, ni machache, mazito na ya manjano. Wapo waliokuwa wakiyamwaga wakidhani ni machafu, nayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Tumbo la mtoto siku ya kwanza ni dogo mno. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mara moja humtosha. Ndiyo maana hunyonya mara nyingi, baina ya mara 8 na 12 kwa siku, usiku na mchana.

Tutazame nepi zake kabla ya kulisikiliza kopo. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na choo chake cheusi huwa kimegeuka manjano. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha hurudi alipozaliwa nao ndani ya wiki mbili hivi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, asipewe kitu kingine hata maji kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili na zaidi. Wanaofanya tahniki kwa kufuata sunna ya tende, watumie kiasi kidogo mno, kilicholainika sawasawa, kwa mikono misafi. Asali asipewe mtoto asiyefika mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza mwili wake.

Wifi wa binti yule, naye ananyonyesha, alijitolea kumnyonyesha mtoto kwa siku mbili tatu. Nia yake njema, lakini nilimkumbusha kwamba kunyonya kunaleta udugu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, manyonyesho matano mbalimbali ndani ya umri wa miaka miwili humfanya mtoto kuwa mwana wa aliyemnyonyesha, na wanawe huwa nduguze wasiooana naye. Jambo hilo lisifanywe kwa ghafla. Waulizwe wanavyuoni, wakubaliane wazazi, na liandikwe lisije likasahauliwa.

*Wakati wa kwenda hospitali*

Mzazi asikae nyumbani akiona titi limekuwa jekundu, la moto na kuuma pamoja na homa. Au kuna uvimbe usioondoka. Au maumivu yanachoma hata baada ya mtoto kuachia, na kinywani mwa mtoto kuna utando mweupe usiofutika. Huenda ni uambukizo, jipu au ukungu, na yote yana tiba. Mara nyingi ataambiwa aendelee kunyonyesha, kwani maziwa yakikaa ndani ugonjwa huzidi. Pia aombe mtoto aangaliwe chini ya ulimi, maana wapo wanaozaliwa na ulimi uliofungwa. Mama anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI asingoje hata siku moja chuchu ikipasuka. Aende kwa wanaomhudumia.

Na mtoto asiyetaka kunyonya, anayelala bila ya kuamka kwa maziwa, mwenye homa, aliyegeuka manjano au asiyekojoa, apelekwe siku hiyo hiyo. Yapo pia mazingira ambayo daktari huamuru maziwa mengine. Mama aliyefikwa na hayo hakumdhulumu mwanawe, wala asisimangwe.

*Waliomzunguka mzazi*

Nilipokuwa nikiaga, mavyaa alinisindikiza mpaka barazani. Nilidhani amekasirika kwa ajili ya kopo lake. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanawe wa kwanza hakumnyonyesha zaidi ya wiki mbili. "Niliumia kama huyu," alisema. "Nikaambiwa nina maziwa mabovu, nami nikaamini mpaka leo. Kopo nimelinunua kwa huruma, nisimuone mkwe wangu akilia kama nilivyolia mimi." Yule mwana wa kwanza ndiye mume aliyekuwa amesimama mlangoni.

Nikamjibu kwamba maziwa yake hayakuwa mabovu, ila hakupata wa kumuonyesha. Akanyamaza kitambo, kisha akafuta macho kwa ushungi wake, akarudi ndani kumkalia mzazi.

Basi kina mama wakubwa, huruma tunayo, tuiongezee elimu. Tumwambie mzazi, "Hebu nione mtoto anavyoshika," kabla ya kumwambia asubiri. Kina baba nao wasisimame mlangoni. Baba amletee maji ya kunywa kila anapokaa kunyonyesha, ambebe mtoto usiku ili mama apate kulala, azuie maneno ya wageni, na ampeleke hospitali mapema bila ya kuhesabu gharama. Mzazi anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, au anayeona hana thamani, naye ni mgonjwa anayestahiki tiba.

Nawe binti uliyezaa juzi, unayesoma haya mtoto akiwa mapajani: haya ni pambo la muumini, lakini haya haikuzuii kusema unaumia. Mwite mama yako, mkunga, au jirani aliyenyonyesha kwa salama, umwambie akutazame. Kila tone unalompa mwanao kwa nia njema, tunataraji lina ujira mbele ya Mola wako.

Allah awape wazazi wote afya, awakuze watoto wao katika kheri, na awarehemu mama zetu waliotunyonyesha nasi hatukujua waliumia kiasi gani. Amin.

Wallahu aalam. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.