Nani Hukata Shauri Kanisani?

Lugha yetu ina msemo ambao ungewafaa viongozi wa Kanisa Katoliki: kukata shauri. Maana yake ni kuamua. Lakini shauri lenyewe, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni jambo linalojadiliwa, na pia ni nasaha watu wanazopeana. Kwa Mswahili, basi, uamuzi hukatwa katika yale yaliyozungumzwa.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imeyatenga mambo hayo mawili. Kanuni ya 536 inasema kuwa halmashauri ya parokia ina sauti ya kushauri tu. Walei hutoa shauri, paroko akalikata au akalitupa, wala hadaiwi sababu.

Hayo nimeyaona. Nilipokuwa katibu wa halmashauri ya parokia moja, tulijadili kwa majuma matatu matumizi ya fedha za harambee. Jumuiya ndogo ndogo zote zilitaka tangi la maji kwa ajili ya shule. Jumapili iliyofuata tukatangaziwa kuwa utajengwa ukuta wa nyumba ya mapadre. Pengine ukuta ulihitajika kweli, kwani wezi walikuwapo. Kilichotuvunja moyo ni kutoambiwa. Mwaka uliofuata, nusu ya wajumbe hawakuhudhuria mikutano.

Sinodi iliyoanzishwa na Papa Francis mwaka 2021 na kuhitimishwa Roma Oktoba 2024 iliugusa ugonjwa huu. Katika kikao chake cha 2023, wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza. Hati yake ya mwisho inataka halmashauri za kichungaji ziwe za lazima, na kauli hiyo ya "kushauri tu" ichunguzwe upya. Haimnyang'anyi askofu mamlaka yake. Inamtaka asipuuze mwelekeo uliopatikana kwa kushauriana ipasavyo.

Wapo wasemao kuwa Kanisa si bunge. Nakubali. Imani haipigiwi kura. Lakini tangi la maji si fundisho la imani.

Pendekezo langu ni dogo. Paroko akikataa ushauri wa halmashauri, aandike sababu zake nazo zisomwe mbele ya waumini. Hatuna haja ya kuingojea Roma, kwa maana kanuni iyo hiyo ya 536 inampa askofu uwezo wa kuziwekea halmashauri hizo taratibu. Mwenye kisu na aendelee kukishika. Ila atwambie amekata wapi, na kwa nini.