Safari ya Mwaka Iwe ya Baiskeli, na Mabinti Wawemo



Wazazi, walezi, walimu na wanafunzi, tunapenda kuleta mbele yenu jambo ambalo sisi wa kamati ya jarida tumelizungumza kwa muda, tena si mara zote kwa sauti ya chini.

Kila mwaka mpunga ukishavunwa linakuja swali la safari ya madrasa, na kila mwaka jibu ni basi. Basi hukodiwa, tangazo la mchango hutolewa, wenye uwezo huandikisha majina, na wasio na uwezo huja kuwaaga wenzao asubuhi kisha hurudi nyumbani. Mwaka jana waliobaki walikuwa wengi kuliko waliosafiri. Na hao waliosafiri walikaa garini kutwa nzima, wakafika wamechoka, wakapiga picha, wakageuza. Ukiwauliza leo waliona nini, watakutajia soda.

Pendekezo letu ni hili: safari ijayo iwe ya baiskeli, kutoka hapa Lumemo mpaka Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, siku moja ya kwenda na siku moja ya kurudi, na mabinti wawemo.

Ifakara ni mji wa baiskeli, hilo halihitaji ushahidi. Ardhi yetu ni tambarare, mashamba yako mbali, na kwa miaka mingi baiskeli ndiyo iliyobeba mpunga, mkaa, samaki wa mto Kilombero na mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Lakini tangu bodaboda zienee, baiskeli imeanza kuonekana chombo cha mtu aliyeshindwa maisha. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akipanda Phoenix ya baba yake, wenzake humcheka. Ajabu ni kwamba hao hao wakimwona mgeni wa Kizungu anapita na baiskeli iliyosheheni mifuko mbele na nyuma, humkimbilia wakimshangilia kama shujaa. Yule mgeni amelipa nauli ya ndege ili aje afanye jambo ambalo mama zetu hulifanya kila wiki wakienda shamba. Tangu mwaka 2003 umekuwapo msafara wa baiskeli wa kutoka Cairo hadi Cape Town unaopita nchini mwetu, na watu hutoa fedha nyingi ili washiriki.

Wala tusidhani kwamba hili ni jambo la Wazungu peke yao. Mwaka 2010 vijana wawili Waislamu wa Cape Town, Afrika Kusini, walipanda baiskeli zao kwenda Hija, wakatumia kiasi cha miezi tisa mpaka kufika Makka. Mwaka 2017 kundi la Waislamu wa Uingereza lilitoka London kwa baiskeli kwenda Madina, huku wakichangisha fedha za kuwasaidia watu wa Syria. Sisi tunaomba Mang'ula tu, kilomita 40 na kitu.

Kwa basi, tangu lami ilipowekwa kati ya Kidatu na Ifakara, hiyo ni safari ya kusinzia kidogo. Kwa baiskeli ni asubuhi nzima, na asubuhi hiyo ina mengi. Ukielekea kaskazini, milima ya Udzungwa iko mkono wako wa kushoto muda wote. Wanafunzi wetu huiona kila siku kwa mbali kama ukuta wa buluu, lakini wachache wamewahi kuikaribia. Huanzia chini kabisa kwenye bonde letu hili na kilele chake kinapita mita 2,500. Kando ya milima inapita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Utapita Signali, Kiberege na Kisawasawa, na njiani kote utavuka vijito. Tungependa kila mwanafunzi ahesabu madaraja, makubwa na madogo, kisha ajiulize maji yote hayo yanatoka wapi.

Swali hilo kwetu si la mtihani. Masika ya mwaka 2024 mto Lumemo ulifurika, na wengi wa wasomaji wa jarida hili wanajua maji yalifika wapi katika nyumba zao. Watoto wetu wanaufahamu mto huu kama adui anayekuja usiku. Hawajui kwamba unashuka kutoka milima ile ile, kwamba msitu ukiwa mzima hunywa mvua na kuiachia polepole, na kwamba miteremko ikifyekwa na kingo zikilimwa, mchanga hushuka na kujaza mkondo, kisha maji hutafuta njia nyingine, nayo ni sebuleni kwetu. Unaweza kumweleza mtoto hayo darasani mara kumi. Mpe nusu saa asimame kwenye daraja moja, atazame maji safi yanayotoka msituni upande huu na shamba lililolimwa mpaka ukingoni upande wa pili, ataelewa bila ubao. Na maji haya hayaishii kwetu. Yakishakusanyika katika mto Kilombero yanakuwa zaidi ya nusu ya maji yote ya mto Rufiji.

Hapo Mang'ula ndipo penye makao ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Ndani ya hifadhi hiyo hakuna barabara za magari, ni kutembea kwa miguu, kwa hiyo baiskeli zitabaki langoni. Kiingilio cha raia ni kidogo mno ukilinganisha na cha wageni, na si mbali na lango yapo maporomoko ambayo hata mtoto wa miaka kumi atayafikia. Upande wa Sanje yapo makubwa zaidi, ya mita 170, lakini hayo tuyaache kwa mwaka mwingine.

Kuna habari moja ya Sanje ambayo lazima tuiseme. Mwaka 1979 watafiti walikuwa msituni huko wakasikia mlio wa mnyama wasiyemfahamu. Mwenyeji waliyekuwa naye akawaambia, huyo ni ng'olaga. Kumbe ni aina ya nyani ambayo wataalamu wa dunia nzima walikuwa hawajaiandika vitabuni, na ambayo haipatikani popote isipokuwa katika milima hii. Leo anaitwa kwa jina la Sanje katika vitabu vya lugha zote. Wataalamu wakasema amegunduliwa, na watu wa Sanje walikuwa naye siku zote, na jina wameshampa. Tumewauliza wanafunzi wa madarasa ya juu kama wamewahi kusikia habari za ng'olaga. Wawili tu walinyoosha mkono, na mmoja alidhani ni ngoma.

Sasa tuje kwenye sehemu iliyoleta mjadala mrefu. Baadhi ya wazazi wametuambia kwamba wavulana waende, lakini binti kuendesha baiskeli masafa yote hayo mbele za watu si stara. Tunawaheshimu wazazi hawa na tunajua wanasema kwa mapenzi. Lakini hapa kwetu nani hasa anayeendesha baiskeli? Alfajiri yoyote ya kilimo simama barabarani uangalie. Utamwona mama juu ya baiskeli, khanga kajifunga, mtoto mgongoni, jembe limefungwa kwenye keria. Jioni anarudi na kuni. Hakuna aliyewahi kumsimamisha akamwambia hana stara, kwa sababu anakwenda kutuletea chakula. Iweje stara ivunjike siku ambayo binti yake anakwenda kujifunza?

Stara ni mavazi, ni mwenendo, na ni nani unayesafiri naye, na yote matatu yanapangika. Mabinti watakuwa na kundi lao, wataongozwa na walimu wa kike, na watalala katika nyumba za familia za Kiislamu za Mang'ula ambazo tutaziomba mapema. Kuhusu mahram, tunapendekeza kila familia yenye binti itoe baba, kaka au ami wa kuandamana naye. Wapo akina baba watatu walioshakubali, na mmoja wao hajapanda baiskeli tangu aache kazi kiwandani, kwa hiyo yeye ndiye wa kuombewa dua.

Na kuna jambo zito zaidi ya safari. Shule za sekondari ziko mbali na nyumba nyingi za kata zetu. Binti anayejua baiskeli, na ambaye nyumbani kwao hawaoni haya akiipanda, anafika shuleni na kurudi kwa nguvu zake mwenyewe. Asiyejua hutembea, na akichoka hupewa lifti ya bodaboda. Leo lifti ni ya bure, kesho si ya bure tena. Tunajua sote, ingawa hatupendi kuyataja, lifti hizo zimewafikisha wapi baadhi ya watoto waliokuwa na akili darasani. Mzazi anayeogopa macho ya watu siku mbili za safari, tunamwomba apime hofu hiyo na ile nyingine.

Hatari za barabarani zipo, na hatutaki kuzificha. Lami imeleta mwendo kasi. Mabasi hayamhurumii mwenye baiskeli, na malori ya miwa huongezeka kadiri unavyokaribia upande wa Kidatu. Ndiyo maana tunataka tuondoke mara baada ya sala ya Alfajiri, tuende kwa mstari mmoja, na gari la mzazi mmoja lifuate nyuma likiwa limewasha taa. Jioni hakuna kuwa barabarani kabisa. Maeneo ya Mang'ula yana ushoroba wa tembo unaounganisha Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere, na tembo hana habari na kengele ya baiskeli. Kila kundi litakuwa na amiri wake, kama Mtume wetu (S.A.W.) alivyotufundisha kwa wasafiri, na amiri akisema tupumzike, tunapumzika, hata kama wapo wanaojiona wana miguu ya chuma.

Wapo waliosema bora twende Mahenge, tuvuke daraja la Magufuli lililofunguliwa Mei 2018, lenye mita 384, kisha tupande milima. Ni wazo zuri, lakini baada ya Lupiro kupanda kule si mchezo, na wengi wetu baiskeli zetu hazina gia. Tuanze na tambarare. Wanafunzi pia wameshauliza kama wataruhusiwa kupunguza sala. Kwa kipimo cha kilomita 80 na ushei tunachofundishwa darasani, Mang'ula haifiki, kwa hiyo Adhuhuri itabaki rakaa nne.

Wazazi wakiridhia, mazoezi yataanza Jumamosi baada ya darasa, kwenda Kibaoni na kurudi, wavulana kwanza kisha mabinti na walimu wao. Kanzu na mabuibui yakunjwe yasinaswe na mnyororo. Kila kundi libebe pampu, tyubu moja ya akiba na maji ya kutosha. Baiskeli tulizohesabu mpaka sasa hazitoshi hata nusu ya wanafunzi, kwa hiyo mwenye baiskeli iliyolala ghalani, hata kama haina breki wala tandiko, tunamwomba aifikishe madrasa kabla mavuno hayajaisha. Fundi amekubali kuzitazama bila malipo, ila vipuri tununue wenyewe.