Kula Bata Gani Huko Aspen, Jamani?

Mama mmoja maarufu wa Marekani anashambuliwa mitandaoni, kisa kahamia Aspen, mji wa milimani huko Colorado, na watoto wake wawili kiangazi kizima. Eti anakula bata na kamtelekeza mumewe! Hebu aachwe. Binti yake anasoma fidla kwenye tamasha na shule ya muziki iliyoanza mwaka 1949, masomo ya wiki kama nane. Mji uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake kavu: mbao za fidla zinasinyaa, nyuzi zinapoteza sauti. Mtoto yuko mazoezini tangu asubuhi. Bata liko wapi?

Baba akimpeleka mwanawe kambi ya mpira, anaitwa baba bora. Mama akibeba fidla, anaitwa mtoro wa ndoa!

La kumbana mama huyu ni moja tu: binti mwenyewe anataka? Kodi za nyumba Aspen zinatoa machozi, na mtoto akijua gharama hizo, kusema "nimechoka" kunakuwa kugumu. Mengine yote ni wivu. Wadau mnasemaje?