Nani Alale na Mzazi?



Hapa Bisibo, mwanamke ajifunguapo, jamaa huulizana: nani atalala naye siku hizi za arubaini? Mara nyingi huchaguliwa aliye mkubwa kwa umri. Nasi tulifanya hivyo kwa mtoto wetu wa kwanza. Usiku wa baridi, bibi yule akaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mke wangu aliamka akiumwa kichwa, akaufungua mlango kwa shida. Alhamdulillahi, wote walisalimika. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Basi tusitazame umri wala udugu peke yake. Tumtafute mwenye subira, anawaye mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, amlazaye chali ndani ya chandarua, asiyempa maji wala mitishamba. Maziwa ya mama yamtosha miezi 6. Tena awe mwepesi wa kuamsha nyumba: mtoto akikataa kunyonya, akipata homa au akipumua kwa taabu, asingojewe asubuhi, apelekwe hospitali saa ile ile.

Nawe baba, usijitenge. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amekataza mama kutiwa taabuni kwa ajili ya mwanawe, na chakula chake na mavazi yake ameviweka juu ya baba. Kumbeba mtoto usiku, mama apate kulala, si aibu kwa mwanamume.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu. Amin.